Viti vinne vya bembea kwa wanafunzi 900: jibu kwa mwalimu wa michezo wa Moshi

Swali: Ninafundisha michezo katika shule ya msingi ya serikali iliyo kwenye mteremko, upande wa juu wa mji wa Moshi. Tuna wanafunzi 900 na uwanja mmoja wenye urefu wa takribani mita 80 na upana wa mita 50. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Wavulana wa madarasa ya juu huuchukua wote kwa mpira, na wasichana pamoja na watoto wadogo hubanana kwenye varanda. Mwaka huu watoto wawili wamevunjika mikono, na baadhi ya walimu wenzangu wanapendekeza kukimbia kupigwe marufuku wakati wa mapumziko. Sasa wahitimu wa shule wamechanga Sh 6,000,000 na wanataka tununue bembea na mtelezo wa chuma. Je, ni uamuzi mzuri? Na kama si huo, tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, nakupongeza kwa kuuliza kabla fedha hazijafika kwa fundi wa kuchomea, kwa sababu shule nyingi huuliza baada ya vyuma kusimama. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba bembea isiwe ya kwanza, na huenda isihitajike kabisa. Naomba nikueleze sababu kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo itakayokusaidia mbele ya kamati ya shule na mbele ya hao wahitimu.

Chukua mapumziko ya saa nne, na tuseme ni ya dakika 30. Fedha mlizonazo zikiwapatia bembea yenye viti vinne, na kila mtoto akikaa dakika moja tu pamoja na muda wa kupokezana, kiti kimoja kitahudumia watoto 30 na vyote vinne vitahudumia watoto 120. Waliobaki 780 watasimama kwenye foleni au watarudi kwenye varanda. Hata foleni ikiendeshwa kwa haki kabisa, kila mtoto atafikiwa na zamu karibu mara moja katika siku nane za shule, na sote tunajua kwamba foleni ya watoto isiyo na mtu mzima haiendeshwi kwa haki. Wakubwa hupanda na wadogo hutazama. Sasa linganisha na kamba. Kamba moja ya mita sita au saba, wawili wakiizungusha, hushughulisha watoto kumi hadi kumi na watano kwa wakati mmoja, na hata wanaongoja zamu wanaimba na kuhesabu, kwa hiyo nao wamo mchezoni. Kamba 20 zinachezewa na watoto 200 hadi 300 kwa pamoja, na gharama yake haifikii hata bei ya miguu ya bembea moja. Kipimo cha kwanza cha kila kitu mnachotaka kukiweka uwanjani kiwe hiki: kinachukua watoto wangapi kwa wakati mmoja?

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji wa vyuma hawaitaji, nayo ni ya ardhi iliyo chini ya bembea. Mtoto akianguka kutoka juu, kinachoamua kama atainuka akicheka au atapelekwa hospitali ni kile anachoangukia. Udongo uliokanyagwa na watoto 900 wakati wa Januari ni mgumu karibu sawa na sakafu. Utaratibu unaotumika sana katika nchi zenye viwango vya viwanja vya watoto ni kwamba eneo la bembea liachwe wazi, mbele na nyuma, kwa umbali wa mara mbili ya kimo cha boriti ya juu, na eneo hilo liwekwe mchanga laini wenye kina cha angalau sentimeta 30. Boriti ikiwa na kimo cha mita 2, bembea ya viti viwili itahitaji mita 4 mbele, mita 4 nyuma na upana wa takribani mita 4, yaani mita za mraba 32. Zidisha kwa kina hicho cha sentimeta 30 na utapata karibu mita za ujazo 10 za mchanga. Kwa viti vinne ni karibu 20. Huo lazima uwe mchanga wa mto usio na udongo ndani yake, kwa sababu mchanga wenye udongo hushikamana baada ya mvua ya kwanza na kuwa mgumu kama ardhi mliyoikimbia. Tena uzungushiwe magogo ili usiteremke na maji, uchambuliwe kwa reki kila wiki, na ulindwe dhidi ya paka. Kwenye mteremko wenu, bila ukingo imara, mchanga huo utakuwa kwa jirani wa chini ifikapo Mei.

Kwa hiyo tuanzie wapi? Kabla ya kutumia shilingi moja, fanyeni uchunguzi wa wiki mbili. Mwalimu wa zamu asimame mahali pamoja kila mapumziko, na kila baada ya dakika tano aandike kwenye daftari ni watoto wangapi wako kwenye mpira, wangapi kwenye michezo mingine, wangapi wamesimama tu, na wasichana wako wapi. Sambamba na hilo, fungueni daftari la ajali lenye tarehe, saa, mahali, na kitu mtoto alichoangukia au kugongana nacho. Hukueleza wale wawili walivunjikia mikono wapi, na hilo ndilo ningependa kulijua kabla ya mengine yote. Kama walianguka kwenye ukingo wa varanda au kwenye mfereji wa zege, basi tatizo ni varanda iliyojaa kupita kiasi, na kuwapiga marufuku watoto kukimbia uwanjani kutawarudisha wengi zaidi palepale penye zege.

Hilo la marufuku nalipinga waziwazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutosha kuwafanya wahemee juu, na kwa watoto wengi mapumziko ya shule ni sehemu kubwa ya muda huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na elimu, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao ibara yake ya 31 inahusu jambo hilohilo. Kwa sababu hiyohiyo nisingependa kuona mapumziko yakitumika kumalizia usafi wa mazingira, au mtoto akinyimwa mapumziko kama adhabu ya kutomaliza hesabu. Mtoto huyo ndiye hasa atakayeshindwa kutulia saa sita.

Kinachofaa kuondolewa ni hatari ambayo mtoto hawezi kuiona wala kuipima. Mtoto anayepanda mti anaona kimo chake na anaamua; mtoto anayekanyaga nondo iliyochomoza kwenye nyasi hakupewa nafasi ya kuamua. Pitieni uwanja wote mkiwa na wanafunzi wachache wa kila darasa, kwa sababu wao wanajua mashimo yalipo kuliko kamati. Tafuteni nondo, vigae vya chupa, shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa mbao zilizooza, na goli la chuma lisilofungwa ardhini, ambalo watoto wakining'inia hupinduka mbele na kuwaangukia. Kagueni pia ua. Minyaa ni ua rahisi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kumpofusha mtoto kwa muda. Mbono nao una mbegu zinazowavutia watoto kama karanga, nazo ni sumu. Ng'oeni vyote viwili na mpande masale, ambayo kila Mchaga anayafahamu kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na hayamdhuru mtoto anayeyapita mbio.

Baada ya hapo shughulikieni mgawanyo wa uwanja, kazi isiyohitaji fedha nyingi ila inahitaji msimamo. Mpira wa miguu ni mchezo mzuri, lakini una tabia ya kumiliki ardhi: watoto 30 wakicheza kwenye uwanja wa urefu wote, wanachukua nafasi ya watoto mia kadhaa, kwa sababu hakuna atakayethubutu kucheza mdako mahali ambapo mpira unaweza kumpiga kichwani. Ninajua pia kwamba timu ya UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, inahitaji mazoezi, na kwamba shule hupimwa kwa vikombe. Lakini mazoezi ya timu yana muda wake wa jioni, na mapumziko ni ya wanafunzi wote. Gawanyeni uwanja katikati, nusu ya chini yenye mita 40 kwa 50 iwe ya mpira, na ndani yake mchore viwanja viwili vidogo vyenye mita 40 kwa 25 kila kimoja. Kwa njia hiyo watakaocheza mpira wataongezeka badala ya kupungua, na kimoja kati ya viwanja hivyo kinaweza kuwa cha wasichana au cha madarasa ya chini kwa siku mlizopanga. Nimeshauri nusu ya chini kwa sababu mpira huteremka. Ukiwekwa juu, siku nzima utakuwa ukiwashukia wale wa chini.

Nusu ya juu, iliyo karibu na madarasa, iwe ya kila kitu kingine, na hapa ndipo ningependa mtumie akili zenu zaidi kuliko fedha. Watoto wa Moshi hawahitaji kufundishwa michezo. Wanahitaji nafasi isiyovamiwa na vifaa vidogo vya kuichezea. Rede inahitaji kipande tambarare cha mita kumi hivi na mpira wa soksi. Kombolela inahitaji kopo na mahali pa kujificha, na ndiyo maana uwanja uliofyekwa ukawa mweupe kabisa, ambao viongozi wa ukaguzi huusifu, kwa mtoto ni uwanja maskini. Acheni vichaka vifupi viwili vitatu ambavyo mwalimu wa zamu anaweza kuona juu yake. Gololi zinahitaji udongo mgumu chini ya mti, mdako unahitaji kivuli na mawe, ukuti ukuti unahitaji duara tu. Kwa vifaa, kusanyeni ringi za baiskeli, matairi ya pikipiki, magunia, vibao vilivyopigwa randa vizuri, magogo mafupi, na kamba nilizozitaja. Mwaka 1943, huko Emdrup nje kidogo ya Copenhagen, ulifunguliwa uwanja uliojaa mabaki ya mbao na vifaa vya ujenzi, uliobuniwa na mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen baada ya kuona kwamba watoto walipenda kuchezea mabaki kuliko viwanja alivyowasanifia. Wazo hilo lilienea Ulaya kama jambo jipya. Mtoto wa Pasua au Kiboriloni anayeendesha ringi kwa kijiti angeshangaa kuambiwa kwamba hiyo ni falsafa.

Vifaa hivyo vinahitaji sanduku lenye kufuli na wanafunzi wawili wa kila darasa wa kuvitoa na kuvihesabu vinaporudi. Kamba zisifungwe kwenye mti wala kwenye goli, na zisiwe na kitanzi. Ni za kushikwa mkononi tu. Matairi, hasa ya gari, yanahitaji uangalifu wa aina mbili. Kwanza, mengi yana nyaya za chuma ndani, na tairi lililochakaa huzichomoza kama sindano, kwa hiyo kila moja lipapaswe kwa mkono uliovikwa glavu kabla halijakubaliwa. Pili, tairi linalolala hushika maji ya mvua, na humo huzaliana mbu wa Aedes, wanaoeneza homa ya dengi. Ama yazikwe nusu yakiwa yamesimama na udongo ukajazwa ndani, ama yatobolewe matundu chini ili maji yasikae.

Sasa tuje kwenye vumbi na tope, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyostahili sehemu kubwa ya zile Sh 6,000,000. Ninyi mko kwenye miguu ya Kilimanjaro, na maji yanatoka juu. Hakuna nyasi wala mchanga utakaodumu ikiwa maji ya barabara na ya mapaa yanapita katikati ya uwanja. Chimbeni mfereji wa kukinga maji kwenye ukingo wa juu wa uwanja, wenye mteremko mdogo kuelekea pembeni, ili maji yazunguke badala ya kukatiza, na udongo unaotolewa uwekwe upande wa chini kama tuta. Mfereji huo usiishie kwa jirani. Mwisho wake ujengewe mawe mahali ambapo tayari kuna mkondo, na mwenyekiti wa mtaa ashirikishwe mapema. Kwenye njia inayoelekea vyooni mwageni moramu, maana hapo hata ukoka hautaota.

Maji ya mapaa msiyapoteze. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la madarasa matatu lenye mita 30 kwa 8, kwa mvua ya milimita 10 tu, hutoa karibu lita 2,400 kabla ya kutoa kinachopotea. Weka mabomba ya paa na simtenki, na mtakuwa na maji ya kunawa mikono baada ya kucheza na ya kumwagilia miche kuanzia Juni, mvua zinapokatika. Kumwagilia uwanja mzima ili kuzima vumbi kwa maji ya bomba, kwa bili za sasa, ni ndoto.

Nyasi zipandwe kwa vipande vya ukoka mwanzoni mwa masika, nusu moja ya uwanja kwanza, nayo ifungwe kwa kamba hadi ishike mizizi, huku watoto wote wakitumia nusu nyingine. Itakuwa bughudha, na mtalalamikiwa. Mwaka unaofuata mnabadilisha. Mbele ya magoli msihangaike, miguu itashinda.

Miti inahitaji aya yake kwa sababu karibu kila shule huipanda mahali pasipofaa, kwa kawaida kwenye mstari wa kupendeza kandokando ya njia ya wageni. Saa nne asubuhi jua bado liko mashariki, kwa hiyo kivuli cha mti huangukia magharibi mwake. Mkitaka kivuli mahali watoto wanapocheza mdako na rede, mti upandwe mashariki mwa mahali hapo. Mringaringa hukua vizuri kwenu na hutandaza matawi mapana. Mwembe ni wa polepole lakini kivuli chake ni kizito. Mikaratusi iacheni mbali na uwanja, kwa kuwa hunyonya maji mengi na matawi yake huanguka bila kuaga. Kama mna wanafunzi wenye ualbino, kivuli kwao ni suala la afya, na mapumziko yao yasitegemee huruma ya kuachiwa kona ya varanda. Kofia pana na nguo za mikono mirefu ziruhusiwe kama sehemu ya sare, na mwalimu wa afya awaunganishe na kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, ambako ilianza kutengenezwa losheni ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Jambo moja la wasichana halitatatuliwa na mchoro wa uwanja. Msichana wa miaka kumi na miwili aliyevaa sketi hatapanda, hataruka wala hatabiringika ikiwa kila mara lazima ashike pindo. Ruhusuni bukta ndani ya sketi, iandikwe kwenye taarifa kwa wazazi, na mtaona tofauti ndani ya wiki chache. Darasa la awali nalo lipewe kona yake karibu na dirisha la mwalimu wao, na ikiwezekana mapumziko yao na ya Darasa la Kwanza na la Pili yatangulie yale ya wakubwa kwa nusu saa. Nafasi ya uwanja huongezeka bila kununua hata mita moja.

Inawezekana wahitimu wataendelea kutaka kitu cha chuma, kitu kinachoonekana barabarani na kinachoweza kuandikwa mwaka waliomaliza shule. Siwalaumu, mfereji haupigwi picha. Basi wapeni kitu cha chuma kinachobeba watoto wengi kwa pamoja: mabomba ya kuning'inia na kupanda, yenye kimo kisichozidi mita 1.5, pamoja na boriti ndefu za kutembelea zilizo chini kabisa. Vyombo hivi huchukua watoto 20 au zaidi, na eneo lake la mchanga ni dogo kwa kuwa hakuna kinachorushwa mbele na nyuma. Fundi apewe maelekezo haya kwa maandishi. Nafasi kati ya bomba na bomba iwe ama chini ya sentimeta 9 ama zaidi ya sentimeta 23, kwa sababu katikati ya vipimo hivyo mwili wa mtoto hupenya na kichwa kinakwama. Ncha zote zizibwe. Zege la miguu lizame chini ya usawa wa mchanga, lisichomoze. Mtelezo wa chuma ningeuacha kabisa mpaka miti itoe kivuli, maana bati lililokaa kwenye jua la Februari huunguza mapaja ya mtoto.

Kwa mpangilio wa kazi, uchunguzi na daftari vianze wiki hii, na kamba na mgawanyo wa uwanja vifuate mara tu matokeo yakishasomwa kwenye kikao cha kamati na kuingizwa kwenye muhtasari. Mfereji na simtenki vikamilike kabla ya nusu ya Machi, ndipo ukoka na miche vipandwe mvua zikianza. Sh 1,500,000 hivi zibaki benki bila kuguswa hadi Juni, kwa kuwa masika ya kwanza ndiyo itakayowaonyesha mahali mfereji ulipozidiwa na panapohitaji kujengewa mawe, na pia mahali salama pa kusimika mabomba ya kupanda kama bado mtayataka.